Kompyuta Ndogo ya Kutunzia Hifadhidata ya Ghala: Ipi Inunuliwe?

Mwenye ghala la kahawa mjini Moshi anayetaka kurekodi joto na unyevu kila dakika huanza kwa kuuliza ukubwa wa RAM (kumbukumbu ya kazi ya kompyuta), ilhali la kujua kwanza ni programu ya hifadhidata itakayokaa humo. Vihisi vinne huzalisha rekodi zipatazo milioni 2.1 kwa mwaka, nazo, usiporundika indeksi (orodha za kuharakisha utafutaji), hubaki chini ya megabaiti 100.

Kwa kazi hiyo chaguo la kwanza ni Raspberry Pi Zero 2 W, kompyuta ndogo ya bodi moja yenye RAM ya megabaiti 512, ikitumia programu ya hifadhidata ya SQLite. SQLite haina seva inayokesha ikila kumbukumbu. Hukaa ndani ya programu yako, na kila muunganisho hutengewa takriban megabaiti 2 za kuhifadhia kurasa (vipande vya data vya ukubwa mmoja) zinazosomwa mara kwa mara. Ukitaka ziwe 8, andika amri `PRAGMA cache_size = -8000`. Usiisahau alama ya kutoa, kwani bila hiyo unakuwa umeomba kurasa 8000 za baiti 4096, yaani karibu megabaiti 32, na miunganisho mitano ikijaa inaweza kufikia 160.

La pili ni Raspberry Pi 4 ya gigabaiti 2, itakayofaa pale karani wa mizani, mhasibu na msimamizi wanapoandika kwa wakati mmoja, hivyo ukahitaji MariaDB, hifadhidata yenye seva yake. Hiyo hutenga megabaiti 128 kwa ajili ya InnoDB, sehemu yake inayotunza data, peke yake, kiasi ambacho kwenye Zero ni robo ya RAM yote.

Kompyuta ya ofisini iliyotumika naiweka ya tatu: RAM inatosha, lakini umeme ukikatika humaliza betri ya akiba mapema.

ESP32, chipu ndogo ya kuendeshea vihisi, ni ya mwisho. Kumbukumbu yake ya ndani ni kilobaiti 520, wakati SQLite kwa mpangilio wake wa kawaida inaweza kutaka karibu mara nne ya hapo kwa kurasa tu. Iachie kupima na kutuma.

Pesa utakayookoa kwenye RAM inunulie kadi imara ya microSD na saa ya DS3231 yenye betri yake. Pi hizo mbili hazina saa ya namna hiyo, na katika ghala lisilo na intaneti nimewahi kukuta rekodi za asubuhi zimeandikwa saa za usiku uliopita, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika na saa ya Pi ikasimama.