Mafuta ya Breki kwa Impreza Kuukuu: Soma Namba ya Pili

Malalamiko ya wenye Subaru Impreza za zamani hapa Kampala yanafanana. Mtu ametafuta kalipa (vibanio vya pedi kwenye diski) za pistoni nne, akafunga diski mpya na pedi za bei kali, akapaka kalipa rangi nyekundu. Siku ya autokrosi, yaani mbio za magari za mizunguko, kule Garuga, mzunguko wa kwanza breki zinashika barabara. Mzunguko wa nne pedali inazama hadi sakafuni. Jioni anarudi mjini na breki zimejirudia kama hakuna kilichotokea. Fundi anamwambia masta silinda (pampu kuu inayosukuma mafuta ya breki ukikanyaga pedali) imechoka, ananunua nyingine, na mashindano yajayo hadithi ni ile ile.

Masta silinda imesingiziwa. Kilichochemka ni mafuta ya breki.

Kabla hujatoa hata shilingi, tofautisha matatizo mawili. Ukikanyaga pedali ikawa ngumu mguuni lakini gari halipungui mwendo, pedi zimevuka joto lake. Ukikanyaga ikawa laini, ikashuka, na ukipampu mara mbili tatu ikapanda, basi kuna mvuke ndani ya kalipa. Mafuta hayabonyei, mvuke unabonyea, kwa hiyo nguvu ya mguu inaishia kwenye mapovu badala ya kusukuma pistoni. Gari likipoa, mvuke hugeuka kimiminika tena. Ndiyo maana fundi akilijaribu Jumatatu asubuhi haoni ubovu wowote, na ndiyo maana anaishia kubahatisha.

Habari za diski na kalipa nazipita haraka kwa kuwa kila kijiwe cha Subaru kinazijua: kalipa za pistoni nne za Subaru zenye diski za milimita 294 zinaingia ndani ya rimu za inchi 16, kalipa za Brembo za STI (Impreza ya kasi zaidi) zenye diski za milimita 326 mbele zinataka inchi 17, na STI za kuanzia 2005 zina boliti 5 kwenye duara la milimita 114.3 wakati Impreza nyingine nyingi ni 5 kwenye duara la milimita 100, kwa hiyo usinunue habu na rimu kwa kukadiria kwa macho. Ukishindwa kulipia hayo yote, usilie. Kalipa za kawaida zenye mafuta mazuri zitamaliza mizunguko ambayo Brembo zenye mafuta ya zamani hazitaimaliza.

Sasa tuje kwenye namba. Kila mafuta ya breki yana viwango viwili vya kuchemka. Cha kwanza, tukiite namba kavu, hupimwa mafuta yakiwa mapya kabisa. Cha pili, namba ya maji, hupimwa yakiwa yameshanyonya maji kiasi cha asilimia 3.7 hivi. Muuzaji anakutajia namba kavu tu. Gari lako linaishi kwenye namba ya maji.

Mafuta ya DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 (DOT ni madaraja ya kiwango cha Marekani) yametengenezwa kwa glaikoli, na glaikoli hunywa unyevu kutoka hewani. Unyevu unapita kwenye kifuniko cha kichupa kilicho juu ya masta silinda, na unapenya hata kwenye mpira wa hozi. Kampala tuna ziwa mlangoni na misimu miwili ya mvua kwa mwaka. Juu ya hapo, sheria ya 2018 imezuia kuingiza nchini magari yenye umri wa miaka 15 na zaidi, hivyo GC8 (Impreza ya kizazi cha kwanza) iliyopo ni ile iliyokwishaingia, na ya mwisho ilitoka kiwandani 2000. Kama hozi zake ni zile zile za kiwandani, zimekuwa zikipitisha unyevu kwa zaidi ya miaka 20. Ukibadilisha mafuta, badilisha na hozi, na ukiweza weka zile za PTFE (plastiki ya teflon) zilizosukwa waya wa chuma nje. Watu huzisifu kwa kufanya pedali iwe ngumu, lakini faida ambayo hawaitaji ni kwamba unyevu unapenya kwa shida zaidi.

Viwango vya chini vinavyotakiwa ni hivi: DOT 3, kavu nyuzi 205 za Selsiasi, ya maji 140. DOT 4, kavu 230, ya maji 155. DOT 5.1, kavu 260, ya maji 180. Diski ya gari linalokimbizwa inaweza kupita nyuzi 500, na joto hilo hupita kwenye pedi na pistoni hadi kwenye mafuta. Kati ya 155 na 205 ndipo pedali inaponusurika au kuzama.

Chaguo langu la kwanza ni Motul RBF 600, na sifichi upendeleo. Kavu 312, ya maji 205. Inachanganyika na DOT 3, 4 na 5.1, mpira wa Subaru hauna ugomvi nayo, na inauzwa katika chupa ndogo ya nusu lita. Usiidharau chupa hiyo ndogo. Gari zima linahitaji kama lita moja kusafishwa vizuri, yaani chupa mbili, wala hutabaki na tone la kuweka stoo likanywe unyevu.

Ya pili ni ATE Typ 200: kavu 280, ya maji 198. Tazama namba ya maji hiyo. Tofauti na Motul ni nyuzi 7 tu, wakati kwenye namba kavu tofauti ni 32. Anayenunua kwa namba kavu ataiona ni ya daraja la chini kabisa, na atakosea. Kasoro yake ni kopo la lita moja: ukilifungua, limalize. Gari la kwenda kazini siku tano na mashindano mara mbili kwa mwaka halihitaji zaidi ya hii.

Ya tatu ni Castrol SRF. Ikihesabiwa namba peke yake ingekuwa ya kwanza bila ubishi: kavu 320, ya maji 270. Msingi wake una kemikali ya esta ya silikoni, haufanani na glaikoli ya kawaida, na ndiyo siri ya hiyo 270. Nimeishusha kwa sababu lita moja inagharimu kuliko chupa mbili za RBF 600, na mtu akishatoa pesa hiyo huona uchungu kuyamwaga, akayaacha miaka mitatu. Mafuta mazuri yanayobadilishwa kila baada ya miezi sita yananifaa kuliko mafuta bora yanayozeeka kwa ubahili. Kama una gari la rali linalokaa muda mrefu kati ya mashindano na fundi haji mara kwa mara, geuza mpangilio wangu na uchukue SRF.

Motul RBF 660 nimeiweka chini kwa makusudi. Kavu 325, ya maji 204. Soma tena: namba ya maji iko nyuzi moja chini ya ndugu yake mdogo, na bei iko juu. Unalipia nyuzi 13 ambazo hewa ya Kampala itakunyang'anya baada ya miezi michache. Hiyo ni ya timu inayobadilisha mafuta kila wikiendi.

Baada ya hapo, DOT 5.1 ya kampuni inayojulikana inatosha kwa barabara na kushuka milima ya Kabale ukiwa na mzigo. DOT 4 ya bei nafuu ni ya gari la kupeleka watoto shule. DOT 3, hapana.

Kuna utata mmoja wa jina unaoharibu magari. DOT 5 na DOT 5.1 ni vitu tofauti kabisa. DOT 5 ni silikoni, mara nyingi ina rangi ya zambarau, haichanganyiki na glaikoli na haifai kwa gari lenye ABS (mfumo unaozuia tairi kujifunga ukikanyaga breki) kwa kuwa inashika vipovu vya hewa. Muuzaji anayekuambia "bosi, tano ni kubwa kuliko nne, chukua tano" hajui anachouza. Vilevile usiruhusu mtu ajazie kwa mafuta ya injini au ya pawa stelingi. Mpira wa breki huvimba ukiguswa na mafuta ya aina hiyo yanayotokana na petroli, na kuanzia hapo unanunua mpira wa kalipa zote nne, wa masta silinda, na hozi.

Na hapa ndipo hasira inapopanda. Kuna maduka mjini yanauza mafuta ya breki kwa kupima: debe limefunguliwa tangu mvua za Machi, unachotewa kwenye chupa ya soda. Mafuta hayo yana namba ya maji kabla hayajafika kwenye gari lako. Wengine wanapanga chupa nzuri kabisa dirishani, juani, miaka na miaka, kisha wanakuuzia kwa bei ya leo kwa sababu "dola imepanda", ingawa bidhaa iliingia dola ikiwa chini. Ukiuliza risiti, unaambiwa yenye risiti ina VAT ya asilimia 18 na isiyo na risiti ni "bei ya rafiki". Rafiki gani huyo anayekunyima karatasi ya kurudishia bidhaa feki?

Kwa hiyo ukiwa Kisekka, soko la vipuri mjini, au popote, fungua kifuniko mbele ya muuzaji kabla hujalipa. Chini yake lazima kuwe na utando wa kuziba ambao haujaguswa. Tafuta namba ya toleo na tarehe kwenye chupa. Ikiwa imefutwa au stika imepachikwa juu ya stika, rudisha. Rangi ya mafuta haikuambii kitu, kwani mafuta yaliyojaa maji yanaweza kuwa na rangi safi ya asali. Zile kalamu za kupimia zenye taa za kijani na nyekundu hupima jinsi mafuta yanavyopitisha umeme, na aina tofauti za mafuta huzidanganya. Kipimo cha kuaminika ni kile kinachochemsha mafuta yenyewe, na karakana chache zinacho.

Ukishayapata, kazi yenyewe iko hivi. Nyonya mafuta ya zamani kwenye kichupa kwa bomba la sindano, jaza mapya, halafu ndipo uanze kwenye magurudumu. Mzunguko wa breki wa Subaru umegawanywa msalaba, kwa hiyo nenda mbele kulia, nyuma kushoto, mbele kushoto, nyuma kulia. Skrubu za kutolea hewa kwenye kalipa nyingi za Subaru huchukua spana ya 10, Brembo za STI ni 11. Tumia upande wa ringi, usitumie upande wazi, maana skrubu ya miaka 20 hukatika kirahisi. Kalipa za Brembo za pistoni nne zina skrubu mbili kila moja, ndani na nje. Fundi mwenye haraka hufungua moja tu, nusu ya kalipa ikabaki na mafuta yaliyoiva.

Toa kama mililita 200 kila gurudumu, na usiache kichupa kikauke hata mara moja, kwani hewa ikiingia kwenye ABS utakesha. Chini ya pedali weka kipande cha mbao ili isifike sakafuni. Masta silinda kuukuu ina kutu mahali ambapo mpira hauendagi siku zote; ukikanyaga hadi mwisho, mpira unapita juu ya kutu hiyo na kuchanika. Hapo ndipo masta silinda inapokufa kweli, na aliyeiua ni yule aliyekuja kuitibu.

Kifaa cha ABS hubaki na mafuta ya zamani tumboni. Tafuta barabara ya maramu iliyo wazi, kanyaga breki kwa nguvu mara tano sita hadi pedali itetemeke mguuni, kisha rudi utoe tena kidogo kila gurudumu. Mafuta yakidondokea kwenye rangi ya gari, mwagia maji mengi papo hapo. Ukisugua na kitambaa kikavu unaeneza madhara.

Siku ya mashindano, mzunguko wa mwisho uendeshwe polepole bila breki. Gari likisimama likiwa moto, upepo unakatika na joto la diski linahamia kwenye kalipa, hivyo mafuta yanaweza kuchemka ukiwa umeshapaki. Usivute breki ya mkono, zuia tairi kwa jiwe. Kesho yake toa mililita 50 kwenye kila kalipa ya mbele, kwani yaliyoungua ni yale yaliyo ndani ya kalipa, na yaliyo kwenye mabomba bado ni mazima. Na kikibaki chochote kwenye chupa siku ya kazi, safishia klachi siku hiyo hiyo, kwa kuwa Impreza za tabo hutumia mafuta hayo hayo kwenye klachi na hakuna anayekumbuka kuyabadilisha.