Vitamini D ya Kununua na ya Kuiacha Dukani

Malalamiko ninayoletewa na wasomaji kuhusu vitamini D ni ya namna mbili. Mmoja amemeza vidonge kwa miezi kadhaa, akapima damu, akakuta kiwango chake bado kiko chini kama mwanzo. Mwingine hakuwa na upungufu wowote, lakini muuzaji alimkabidhi chupa yenye dozi kubwa kuliko zote zilizokuwa rafuni. Wote wanauliza wanunue ipi, ilhali huyu wa pili hakuwa na sababu ya kununua chochote.

Kwa mtu mzima mwenye afya, faida ni ndogo mno ukilinganisha na matangazo. Utafiti wa VITAL wa Marekani ulihusisha watu wazima 25,871, baadhi yao wakipewa IU 2,000 (IU ni kipimo cha kimataifa cha vitamini) za vitamini D3, aina mojawapo ya vitamini D, kila siku na wengine vidonge visivyo na dawa, na haukuonyesha kwamba vitamini hiyo inapunguza idadi ya wanaougua saratani au maradhi ya moyo. Mwaka 2022 ikabainika kuwa haikupunguza hata uvunjikaji wa mifupa. Matokeo hayo hayamhusu mtoto mchanga anayenyonya maziwa ya mama pekee, mzee asiyetoka nje, wala mgonjwa ambaye utumbo wake haufyonzi mafuta vizuri. Upungufu ukiwapata hao huleta matege kwa watoto na kulainika kwa mifupa kwa watu wazima, na hapo dawa hii inasaidia kweli.

Ikiwa wewe ni miongoni mwao, sitakuchosha kwa habari za ladha wala ukubwa wa kidonge. Kasoro ambayo wanunuzi karibu wote huipita bila kuiona ni kwamba kiasi kilichoandikwa kwenye lebo huenda sicho kilichomo ndani. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kupima vidonge vya vitamini D vya watengenezaji mbalimbali, wakakuta vingine vina asilimia 9 tu ya kiasi kilichotajwa na vingine vinafika asilimia 146, na hata vidonge vya chupa moja havikulingana. Mgonjwa anayemeza asilimia 9 atarudi kwa daktari akiambiwa mwili wake haupokei dawa, kumbe dawa yenyewe haimo.

Kwa sababu hiyo naiweka Nature Made D3 ya IU 1,000, yaani mikrogramu 25, katika nafasi ya kwanza, na sifichi kwamba naipendelea. Chupa yake hubeba alama ya USP, shirika la Marekani linaloweka viwango vya ubora wa dawa, na maana ya alama hiyo ni kwamba bidhaa imepimwa ikaonekana ina kiasi kilichoandikwa, inayeyuka tumboni inavyopaswa, na haina uchafu wa kudhuru. Itafute alama hiyo kwenye chupa yenyewe, kisha umeze kidonge pamoja na chakula chenye mafuta kidogo. Katika bidhaa za bei nafuu, Kirkland Signature yenye alama hiyohiyo inatosha. Zisizo na alama yoyote siziorodheshi.

Nafasi ya pili ni ya matone, hasa kwa watoto wachanga, ambao huhitaji IU 400 kwa siku. Hapa lebo isomwe neno kwa neno, kwa kuwa kuna chupa zinazoweka IU 400 katika tone moja na nyingine zinazoziweka katika mililita nzima, na mzazi aliyebadilisha chupa bila kusoma anaweza kumpa mtoto dozi ya zaidi ya siku ishirini kwa mara moja. Peremende laini za kutafuna nazipa nafasi ya tatu, kwani dozi inayotajwa mara nyingi ni ya peremende mbili, na watoto huzila kama pipi.

Mwisho kabisa ni kapsuli za IU 10,000 na kuendelea. Kikomo cha mtu mzima asiye chini ya uangalizi wa daktari ni IU 4,000 kwa siku. Ukikipita kwa muda mrefu kalsiamu inaweza kupanda katika damu, ukapata kichefuchefu, kiu isiyokwisha na madhara ya figo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba wanawake wenye umri wa miaka 70 na zaidi waliopewa IU 500,000 mara moja kwa mwaka walianguka na kuvunjika mifupa zaidi ya wenzao.

Hata hivyo, dozi hizo ndizo zinazosukumwa kwa mnunuzi, zikichanganywa na vitamini K2 na magnesi ili bei ipande, na linaniudhi jambo hili kuliko bei yenyewe. Daktari anaweza kuandika kapsuli ya IU 50,000 kwa wiki kadhaa baada ya kupima damu, kisha akapima tena. Muuzaji anayeitoa bila kuuliza kama umepimwa, au kama umewahi kupata mawe kwenye figo, mwachie chupa yake.