Mbolea ya ruzuku: bei poa, lakini sisi wa samadi je?

Msimu huu nimechukua magunia mawili ya DAP, mbolea ya kupandia, ya ruzuku na kwa bei sina neno kabisa, 2,500 kwa gunia la kilo 50 na 2022 hapa Kenya tulikuwa tunatoa hadi 6,500 madukani. Meseji ya vocha ya kuchukulia mbolea iliingia haraka, ila ghalani nimepanga laini toka saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa nane. Kinachoniuma sasa, shamba la pili nalima bila kemikali, mboji nageuza mwenyewe mpaka mikono inatoka malengelenge, samadi nanunua pikapu nzima, na kwa hayo yote sijasaidiwa hata shilingi. Na udongo wa huko ndio mweusi, umejaa minyoo! Serikali itufikirie na sisi jamani.