Ubuntu ndani ya MacBook: uzoefu wangu na UTM hapa Kisumu

Seva za wateja wangu wote zinaendesha Ubuntu, mfumo wa jamii ya Linux, nami kazi naifanyia kwenye MacBook Air ya M1. Tofauti ya mifumo hii miwili haionekani sana mpaka siku ya kupandisha programu kwenye seva. Ukiita './Malipo' kwenye msimbo ilhali faili inaitwa malipo.js, Node, yaani programu inayoendesha JavaScript, haitalalamika kwenye Mac, kwa sababu diski yake kwa kawaida haitofautishi herufi kubwa na ndogo. Linux inatofautisha, na programu inakataa kuwaka. Mwenye duka la vipuri kule Kondele hana haja na habari za herufi. Anataka malipo yake ya M-Pesa yaonekane.

Ndiyo maana nilihamia UTM, programu inayokuwezesha kuendesha mfumo mwingine kama Ubuntu ndani ya Mac, na sijutii. Ukiipakua kwenye tovuti yao ni bure; ya App Store inalipiwa, ingawa ni ile ile. Unapounda mashine pepe, yaani kompyuta ya programu ndani ya Mac, chagua Virtualize, kisha uweke Ubuntu Server ya ARM64, aina ya prosesa iliyo kwenye Mac za M1. Linux itatumia prosesa ya Mac moja kwa moja na itaenda mbio. Ukiweka ya Intel kwa njia ya Emulate, kila agizo la prosesa litafasiriwa kwanza, na utangoja mpaka uchoke.

Kwa kila anayeniuliza nasisitiza hili: mradi ukae ndani ya diski ya Linux, usikae kwenye folda inayoshirikiwa na Mac. Folda hiyo inafaa kupitishia picha na hati. Ukiweka mradi humo, npm install, agizo la kupakua vifurushi vya mradi, inajikokota, na mara nyingi programu inayotakiwa kujiwasha upya kila unapohifadhi faili haipati habari kwamba kuna kilichobadilika. Mimi nafungua mradi kwa kihariri cha VS Code kupitia SSH, njia ya kuingia kwenye mashine nyingine, kwa hiyo naandikia kwenye Mac huku kila kitu kikiendeshwa na Ubuntu.

Shida iko kwenye RAM. Yangu ni 8GB. Ubuntu naipa 4, na nikifungua kivinjari chenye tabo nyingi huku hifadhidata inafanya kazi, Mac inaanza kusuasua. RAM ya Mac hizi haiongezwi baadaye, kwa hiyo anayenunua sasa atafute 16.

Stima ikipotea naendelea kwa betri, na kwa kuwa mashine yote imo ndani ya laptopu, sitegemei bando kuifikia. Kabla ya kupandisha toleo la Ubuntu naizima mashine pepe, nabofya Clone, na nakala inabaki pembeni hadi niridhike na toleo jipya.