Programu za kutambua picha kwa asiyeona: ipi uanze nayo

Kabla hujatoa pesa kununua kifaa maalumu cha kusomea, jaribu kwanza programu hizi nne. Zote ni za bure. Mimi sioni, kisoma skrini, yaani programu inayonisomea kwa sauti yaliyo kwenye simu, ndicho mwenzangu kutwa nzima, na nimezipanga kwa kuangalia zaidi jambo moja: je, inanisaidia kulenga kamera? Bila msaada huo tunapiga picha za kidole gumba na nusu ya barua.

1. Seeing AI

Ni ya Microsoft. Ilianza kwenye iPhone mwaka 2017, Android ikaipata mwishoni mwa 2023. Weka barua mezani, inua simu taratibu juu yake: inakuambia ukingo upi haujaonekana, na karatasi ikienea yote inapiga picha yenyewe. Kwa makopo na pakiti ndipo nilipoipenda. Unazungusha kopo polepole mkononi, milio inaanza kwa mbali mbali, kisha inakazana kadiri msimbo pau (ile mistari ya kutambulisha bidhaa) unavyoingia mbele ya kamera, mpaka unasikia jina la bidhaa. Maandishi mafupi inayasoma hata bila intaneti. Ina pia sehemu ya kupima mwanga: sauti inapanda ukielekeza simu kwenye taa inayowaka. Ndivyo ninavyojua kama wageni wameondoka bila kuzima taa.

2. Be My Eyes

Tangu 2015 inakuunganisha kwa video na mtu wa kujitolea anayeona. Mwaka 2023 ikaongeza Be My AI: unapiga picha, inakueleza kilichomo, nawe unauliza zaidi. Kwa picha za familia, hakuna inayoifikia kwa maelezo marefu na mazuri. Ila nikitaka kujua kama shati lina doa, napiga simu kwa mtu. Bila intaneti haikufai kitu, na ukiwa na mtu kwenye video, kadi ya benki iweke mbali.

3. Lookout

Ya Google, kwa Android. Inasoma maandishi, nyaraka, noti na vifungashio vya vyakula. Kama simu yako ni Android, weka hii pamoja na ile ya kwanza, ubaki na utakayoizoea.

4. Google Lens

Hii ilitengenezwa kwa watu wote, wala haikuambii usogeze simu upande gani. Hata hivyo siifuti. Kitu kisicho na maandishi wala msimbo, kama kiatu au ua, inakilinganisha na picha zilizoko intaneti na mara nyingi inapata. Lebo ya lugha ya kigeni inaitafsiri. Kulenga ni kazi yako: weka kitu mahali patupu, gusisha simu juu yake katikati, kisha inua wima kama urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidole.

Kuhusu dawa, usiamini usomaji mmoja wa programu yoyote. Niliwahi kusomewa 5 palipoandikwa 50, kwa kuwa chupa ni mviringo na sifuri ilikuwa imejificha ubavuni. Sasa naizungusha na kuisoma mara tatu, tena mfamasia akinikabidhi nakariri kipimo mbele yake, na chupa ya dawa ya usiku naivalisha mpira wa kufungia shingoni mwake, niitambue kwa kugusa, kabla sijaondoka dirishani pake.