Albamu yetu ya mahafali: Tongoni imegeuzwa Kaole

Kama una kazi ya mahafali Tanga na mtu akakuelekeza kwa yule fundi wa picha wa Ngamiani anayechapa na kadi za harusi, pita mbali. Au nenda, ila soma hapa kwanza, maana bei zake kweli zinabebeka, na jalada alilotutengenezea hata mimi nimelipenda.

Sisi ni wahitimu wa chuo cha ualimu cha wasichana. Tulichangishana darasa zima tupate albamu ya kumbukumbu: bwenini, foleni ya ndoo bomba likigoma, mazoezi ya kufundisha Muheza na Pangani, na ile ziara ya magofu ya Tongoni. Picha tulimpa wenyewe, na maelezo ya kila picha tulimwandikia kwa mkono. Akachelewesha kazi mpaka mahafali yakapita. Hilo nililimeza, mafundi ndivyo walivyo.

Sasa fungua ukurasa wa ziara. Tumejipanga mbele ya msikiti uliobomoka, sketi zimejaa vumbi, na chini kaandika "Ziara ya Kaole, Bagamoyo". Kaole! Hayo ni magofu mengine kabisa, Bagamoyo tumeenda lini? Tongoni iko barabara ya Pangani, kama kilomita 20 hivi kutoka mjini. Ina makaburi ya kale zaidi ya 40, na ndiyo Mtang'ata ya zamani, ambako Vasco da Gama aliichoma meli moja ya msafara wake, São Rafael, mwaka 1499, kwa kuwa mabaharia waliobaki hawakutosha kuiendesha. Mwalimu wetu wa Historia alitusimamisha juani mpaka tukayaandika yote hayo, na mmoja wetu nusura azimie. Jua lote lile, halafu tuandikiwe Kaole?

Nikarudi dukani. Nikamwambia kwa adabu, "Samahani kaka, hapa pamekosewa, hapa ni Tongoni." Macho hakuyatoa kwenye kompyuta. "Magofu ni magofu tu, dada. Nani atakwenda kukagua?" Nikamjibu tutakagua sisi, ndiyo kazi tuliyosomea. Akamgeukia mwenzake, akacheka: "Chuo cha wanawake hicho, maneno tu." Na hela zetu za maneno alizipokea kwa mikono miwili!

Mwishowe akatuchapia vibandiko vyenye jina sahihi tubandike wenyewe juu ya kosa lake. Wanasema Tanga waja leo waondoka leo, basi na vibandiko vyake vivyo hivyo: asubuhi tumebandika, jioni viko sakafuni.

Nisimwonee, picha zenyewe zimetoka vizuri. Ile ya wapishi wetu na masufuria ya makande, moshi mpaka unauona, wenzangu wameiweka kwenye simu zao. Kwa hiyo nilikuwa nimempa nyota tatu.

Lakini nimefungua tena albamu hapa nikiandika, nikafika kwa matroni. Mama aliyetujua kwa mlio wa kandambili tu, aliyekesha na mwenzetu aliyeugua malaria hadi homa ikashuka. Kichwa kimekatwa! Kimebaki kidevu na ule mtungo wa funguo kifuani. Na nakala yake tulishampelekea, akashukuru, wala hakusema kitu.

Nyota moja. Na hiyo ni ya wapishi.