Ofisi ya "Meya" wetu: nyota tatu, moja ni ya gambuti

Niliendesha lori la taka la manispaa ya Nakuru miaka 19, safari za jaa la Gioto kila siku, kwa hiyo mameya nimewaona kwa karibu: joho, mkufu shingoni, na nyuma yake madiwani waliomchagua. Cheo hicho kilikufa 2013 kaunti zilipoanza. Desemba 2021 Nakuru ikawa jiji, lakini meya hakurudi. Siku hizi kuna bodi na meneja. Huku kwetu nje ya mji, hata hivyo, tunaye "Meya". Ni mwakilishi wadi wetu. Vijana wa boda walimpa jina hilo siku alipokuja kuomba kura akiwa na cheni ya baiskeli shingoni, miaka 27, ndevu hata hazijajaa. Tulicheka, kisha tukampa kura.

Jina la wadi naliacha. Kaunti ina wadi 55, kila mtu na yake.

Ofisini kwake nimefika mara tatu. Ya kwanza ilikuwa fomu ya basari ya mjukuu wangu. Chifu alishagonga muhuri, pasta alishatia sahihi, shule imeandika karo iliyobaki. Kijana wa mapokezi aliipokea akaiweka juu ya rundo, kando ya chupa ya chai. Orodha ilipobandikwa ukutani, jina halimo. Kuuliza, fomu haionekani. Hakuna daftari la kusaini, hakuna nakala. Enzi zetu kanjo, hata ufagio ulikuwa unausainia! Mtoto alikaa nyumbani wiki mbili, na mimi nikakata nyota.

Ya pili nilimkuta mwenyewe. Mtaro ulio mbele ya kibanda changu huziba, na maji yanayoteremka kutoka Menengai kwenda ziwani hunisalimia mimi kwanza. Nilitarajia ile ya "tutaliangalia, mzee". Badala yake alivua viatu vyake vya kung'aa, akaazima gambuti za mlinzi, tukaenda. Alichutama pale, akachokoa kwa fimbo mpaka gunia kuukuu likatoka. Halafu akaniambia, watu wakisikia: "Mzee, nikikuahidi kuujenga huu mtaro nitakuwa nakudanganya. Barabara hii ni ya KURA, mamlaka ya barabara za mijini, si ya kaunti. Nitawaandikia barua, na vijana watazibua. Zaidi ya hapo siwezi."

Siwezi! Tangu nianze kupiga kura sijawahi kulisikia neno hilo kwa mtu mwenye kiti. Nakala ya barua ninayo, ina muhuri. Vijana walikuja Alhamisi wakazibua, ila tope waliliacha kando, na mvua ya Jumamosi ikalirudisha lote ndani. Nilizoa mwenyewe kwa toroli.

Sasa pale stejini wanasema anautaka ubunge 2027. Wana mfano wao tayari: Cynthia Muge wa Nandi, aliyeshinda wadi ya Kilibwoni 2017 akiwa na miaka 24, tena mgombea huru, na 2022 akawa mwakilishi wa wanawake wa kaunti nzima. Sawa, binti yule aliruka na akatua. Wetu naona ameanza kuangalia juu kabla hajamaliza kufagia chini. Mara ya tatu nilifika Jumatatu saa nne asubuhi nikakuta kufuli, na karatasi imeandikwa kwa kalamu nene: "Mheshimiwa yuko mashinani." Nilisimama pale nikajiuliza, mashinani ni wapi tena kama si hapa?

Mlinzi, mwenye zile gambuti, ndiye aliyeniambia nirudi Jumanne mapema, kabla ya saa tatu. Ukienda, piga picha kila ukurasa wa fomu yako, na usikubali iwekwe karibu na chupa ya chai.